Kijiko cha Manjano

Kioo cha zamani kilikuwa na ubaridi
ambao sikuwahi kuuona,
kama mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake.
Miaka kumi na mmoja nilikaa mbele yake,
ghorofani, juu ya duka la baba mkwe,
hapa Lugo ambako mvua haijui msimu,
nikihariri maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza,
madiwani wenye tai zilizopinda.

Kisha ukazuka mstari. Mmoja, mwembamba, wa kijani,
toka juu hadi chini, upande wa kushoto.
Nikauzoea. Nikawa nawasogeza watu kulia.
Sabela akaniambia:
"Siku hizi hata bibi harusi anasimama
unapotaka mstari, si anapotaka yeye."

Tukaenda kwa Iria, karibu na ukuta wa Warumi.
Skrini ishirini, kasuku mmoja ndani ya zote,
na kila kasuku na wekundu wake.
Nikauliza yupi ndiye.
"Kasuku mwenyewe yuko Brazili," akacheka.
"Wewe niambie unachapisha kwenye karatasi gani."

Ile iliyopinda kama ubavu wa pipa niliikataa.
Ile ya wacheza michezo, yenye mbio, niliikataa:
picha zangu hazikimbii.
Ile yenye mng'ao ilinionyesha uso wangu,
na huo sikuja kuununua.
Nikachukua iliyofifia, nyeusi kama sufuria ya kuni,
inchi ishirini na saba, na kofia ya kuziba mwanga,
mfano wa farasi aliyekingwa macho asitazame pembeni.
Euro mia tisa arobaini.
Zilikuwa za hita ya maji.
Sabela alizihesabu mara mbili, akazitoa mara moja.

Usiku nikaning'iniza kipima rangi juu ya kioo,
konokono mweusi mwenye waya.
Chini yake zikapita nyekundu, kijani, samawati,
kijivu, kijivu, tena kijivu.
Mwishowe nyeupe ikatokea,
nami nikaiona chafu, kama meno ya mvutaji.
Sabela akaleta sahani kutoka jikoni,
akaishika kando ya skrini.
Zilikuwa sawa.
"Basi ni jicho lako," akasema, akaenda kulala.

Nikafungua harusi ya Antía.
Mungu wangu.
Wote rangi ya chungwa! Padri, wapiga zumari,
hata keki.
Kioo kilipoza, nami nikapasha,
kila picha kijiko cha manjano,
kama mpishi aliyepoteza ladha akizidisha chumvi,
na wageni wanakula, wanashukuru.
Harusi mia mbili na kumi.
Zimetundikwa juu ya televisheni, juu ya vitanda,
na moja iko makaburini, kwenye kigae:
Don Amaro, mwoka mikate,
aliyekuwa mweupe kuliko unga wake,
amelala pale kama aliyetoka ufukweni jana.

Nikampigia Antía. Nitakuchapia upya, bure.
Akaja na mwavuli unaochuruzika,
akainama mbele ya skrini.
Katikati ya picha, bibi yake:
midomo ya majivu, mishipa ya samawati mikononi,
ngozi ya karatasi ya chai.
"Alikuwa mgonjwa hivi?"
"Sikujua," nikasema. "Sikuwa namwona."
Alikufa kabla albamu haijafungwa.
Antía alikaa muda mrefu. Mwavuli ukalowesha sakafu.
"Hii nipe, niweke kabatini.
Ile ya ukutani usiiguse."

Tangu hapo sijampigia mwingine.

Kila tarehe mosi nakipima kioo upya,
maana nacho huchepuka, taratibu, bila kuaga.
Paka amegundua joto nyuma yake.
Sisi hatuna: hita bado haijanunuliwa.
Asubuhi natoka bafuni nikitetemeka,
naketi, naweka mkono kando ya nyeupe ile.
Kucha zangu ni za samawati.
Naziangalia tu. Siongezi kitu.